Uzoefu wangu: huduma niliyopata baada ya upasuaji wa puru kwa matundu madogo

Niliondolewa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kwa upasuaji wa matundu madogo. Vidonda vya nje vilipona upesi, kwa hiyo tathmini yangu inahusu jinsi timu ilivyoyakabili matatizo yaliyofuata, kwani udogo wa kovu haumwambii mtu lolote kuhusu hali ya mahali utumbo ulipounganishwa.

Mshono wangu wa ndani ulivuja. Kabla homa haijapanda, madaktari walikuwa wameshagundua kwamba mapigo ya moyo yameongezeka na kwamba kiwango cha CRP katika damu (protini inayoashiria uvimbe au maambukizi mwilini), ambacho hupanda baada ya upasuaji wowote mkubwa lakini hutarajiwa kuwa kinashuka kufikia siku ya 4 au ya 5, kilikuwa kinazidi kupanda. Picha ya CT ilionyesha usaha uliokusanyika kwenye nyonga, nikapewa antibiotiki kwa mshipa na kuwekewa mrija wa kuutoa, bila kupasuliwa upya. Naamini nilipona salama kwa sababu ya umakini huo, pamoja na stoma ya muda (tundu la tumboni linalotoa kinyesi kwenye mfuko) niliyokuwa nimewekewa tangu mwanzo. Stoma haizuii kila uvujaji, lakini hupunguza ukali wake kwa kugeuza njia ya kinyesi.

Sifa kubwa zaidi namwachia muuguzi wa stoma. Alinifundisha kupima kinachotoka kwenye mfuko na kupiga simu mara kinapozidi lita 1.5 kwa siku, maana hapo mwili hupoteza maji na chumvi hadi figo kuathirika. Alisisitiza pia jambo ambalo wengi hawalitarajii: kunywa maji matupu kwa wingi huongeza upotevu huo, hivyo ni afadhali kunywa maji ya ORS, na kutumia loperamidi, dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo, kwa maelekezo ya daktari.

Upungufu ulikuja baada ya stoma kufungwa. Haja ya ghafla isiyongoja, kurudi chooni mara kwa mara na kushindwa kuzuia hewa ni matatizo yanayojulikana, na kuna dodoso la maswali 5 lenye alama 0 hadi 42 linaloyapima, ambapo 30 na zaidi ni hali kali. Nililijazishwa baada ya kulalamika, ilhali nilistahili kuelezwa kabla ya kutia saini ya ridhaa. Mazoezi ya misuli ya nyonga na kusafisha utumbo kwa maji kupitia njia ya haja kubwa vimenisaidia, ingawa haja ya usiku bado inanisumbua.