Ku-ring-gai au Murujuga: uende wapi kuona michoro ya mawe ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia?

Ukiwa Sydney na una siku moja tu, nenda hifadhi ya Ku-ring-gai Chase. Kwenye njia ya Basin, mwamba tambarare wa mchangatawe umechongwa samaki, wanyama na watu. Wachongaji walidonoa vitundu mfululizo, kisha wakaviunganisha kwa kusugua hadi ukapatikana mfereji mmoja. Fika asubuhi na mapema au jioni: jua likiwa chini, kivuli hujaa kwenye mfereji na samaki hujitokeza wazi. Saa sita mchana unaweza kumpita usimwone. Tafadhali usikanyage mistari, maana jiwe hilo ni laini na linalika.

Murujuga ni habari nyingine kabisa. Iko Australia Magharibi, karibu na Karratha, kama saa mbili kwa ndege kutoka Perth. Mwamba wake ni mgumu mno. Wachongaji wa huko waligonga ganda jekundu la nje hadi rangi hafifu ya ndani ikaonekana. Michoro inakadiriwa kufikia milioni moja, ukiwemo wa thailasini, mnyama mla nyama mwenye milia na mfuko wa kubebea watoto, aliyetoweka Australia bara yapata miaka 3,000 iliyopita. UNESCO iliitambua kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2025, ingawa viwanda vya gesi na mbolea viko jirani na wengi wanahofia moshi wake unalila ganda hilo.

Kama nauli inaruhusu, mimi nachagua Murujuga bila kusita. Tembea na mwongozaji mwenyeji, na umuulize kuhusu Wayaburara, Waaborijini wa eneo hilo, waliouawa huko mwaka 1868.