Asiransi ya Peugeot 404 ya baba, hapa Lubumbashi

Peugeot 404 ya marehemu baba, ya mwaka 1968, inatoka garajini kwangu Kampemba Jumapili mbili kwa mwezi, na siku za ndoa za jamaa. Lakini ikigusa barabara tu, sheria inadai asiransi, yaani bima, ya kulipa madhara ya wengine. Hiyo niliipata upesi.

Kazi ilikuwa kulilinda gari lenyewe. Tangu sheria ya 2015 ilipomaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni ya asiransi ya serikali, kuna milango mingi ya kubisha. Kampuni ya kwanza ilinipa fomu ya gari la kawaida: likiungua, watalipa bei ya soko baada ya kukata uchakavu. Kwa gari la zaidi ya miaka hamsini, hiyo ni bei ya vyuma chakavu! Iliniuma. Kioo cha mbele peke yake nilikitafuta miezi minne, hadi ng'ambo ya mpaka, Ndola, Zambia.

Kampuni ya pili, ofisi ndogo katikati ya mji, naipa nyota nne. Mama wa pale alinisikiliza, akamtuma mtaalamu akapiga picha hadi chini ya chasi, kisha tukaandika mkatabani thamani tuliyokubaliana. Wizi na moto vinalipwa hata gari likiwa limelala garajini.

Nyota moja nimeizuia: hawapunguzi bei kwa anayeendesha mara chache, nami nadhani wangepaswa. Kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia kunahitaji kadi ya manjano ya COMESA, yaani asiransi ya kuendeshea nchi jirani, inalipwa kando.

Mkienda, bebeni risiti zote za vipuri. Zangu ndizo zilizopandisha thamani.