Jitu linalokosea Kingereza: kama una mtoto kaingia form one, mtafutie hiki kitabu

Jamani wazazi, mashangazi na wajomba wa huku kusini, kuna kitabu nataka nikisemee, kinaitwa The BFG (yaani Big Friendly Giant, jitu kubwa lenye urafiki) cha Roald Dahl, kimetoka tangu 1982 lakini mtoto akikishika leo anakiona kipya kabisa. Changu nilinunua mtumba, kurasa zishakuwa rangi ya chai, nikampelekea mtoto wa dada yangu hapa Lindi mjini ambaye ndo kaingia form one na darasani akawa hafungui mdomo. Miaka saba kasoma kwa Kiswahili, halafu Januari inafika, masomo karibu yote Kingereza, mtoto lazima anywee.

Hadithi ni hivi, kuna binti yatima anaitwa Sophie, usiku kakosa usingizi akachungulia dirishani akaona jitu limeshika tarumbeta refu linapuliza kitu kwenye chumba cha watoto waliolala. Jitu likajua limeonwa, likamnyakua na blanketi lake mpaka kwao. Sisi tuliolelewa na hadithi za mazimwi tunajua hapo anayefuata kuliwa ni nani, ila hili haligusi mtu, kazi yake kukamata ndoto, kuzitia kwenye machupa na kuwapulizia watoto zile nzuri. Wenzake tisa ndo wala watu, na lenyewe kwa kuwa limekataa, linashindia dude kama tango lenye ladha ya kuchefua.

Urefu wake futi 24, wale wenzake wamepita futi 50, yaani mita 15 hivi. Dogo hakuamini mpaka nilipomwambia habari ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya Tendaguru, kilima cha huku kwetu Lindi, mifupa waliyochimba Wajerumani 1909 mpaka 1913 ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini hapahapa Lindi, na yule mkubwa aliyesimamishwa Berlin ana mita 13 na kidogo kwenda juu. Sasa yale majitu mabaya yanampita hata yule! Akanyamaza, akawa anaangalia juu ya mnazi.

Lakini kilichonifanya niandike ni lugha ya hilo jitu. Halijawahi kwenda shule, linaongea Kingereza cha kujibunia, maneno mengine hata kwenye kamusi huyakuti. Tumekaa barazani dogo anasoma kwa kidole, akafika sehemu watu wanaitwa "human beans", akarudi nyuma, akasoma tena.

"Mjomba, si ni beings? Kwenye baolojia tumeandika beings."

"Ndio, ni beings."

"Kwa hiyo kakosea?"

"Kakosea, kawaita maharage."

Alicheka mpaka kitabu kikadondoka, halafu akasema "na bado wamemwandika kitabuni!" Tangu hapo akawa anasoma kwa sauti bila kuniangalia usoni kama kapatia. Kuna mahali jitu lenyewe linaona aibu kwa jinsi linavyoongea na Sophie analiambia unaongea vizuri sana, aisee pale nilimwona dogo kasoma mara mbili, sikumuuliza kitu.

Kwa mtoto wa chini ya miaka minane msomee mwenyewe, tena iwe mchana, kuna maneno ya watoto kutafunwa yanaweza kumnyima usingizi. Ile sehemu ya malkia wa Uingereza na kifungua kinywa chake inabidi umwelezee elezee, kidogo inapoa pale. Neno asilolielewa mwambie aruke tu, michoro ya Quentin Blake inamalizia. Na msipite ukurasa wa mwanzo, kitabu kimeandikwa kwa ajili ya Olivia, binti wa mwandishi aliyefariki kwa surua 1962 akiwa na miaka 7, mimi nilipojua hilo ile habari ya kupulizia watoto ndoto nzuri niliisoma kwa moyo mwingine kabisa.

Nakala yangu imeenda shule na dogo, mara ya mwisho nimeambiwa iko kwa mtoto wa nne na jalada limeshatoka. Natafuta nyingine, safari hii ya binti wa jirani.