Tahadhari: kabla hujapanda kwodi Arusha, piga picha chini ya usukani

Ndugu zangu, hasa mnaopanga kupeleka watoto Arusha likizo hii, someni kwanza kabla hamjatuma hata shilingi. Tumeibiwa, na tumeibiwa kistaarabu, kwa tabasamu na maji ya baridi ya chupa. Haikuwa ile ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Hawa ofisi wanayo, kwodi, yaani pikipiki za matairi manne, wanazo, na safari mnakwenda kweli. Wizi wenyewe unakuja mkisharudi, mmechoka, vumbi mpaka kwenye meno, na vitambulisho vyenu viko kwenye droo yao.

Jina silitaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 sina hamu ya kukutana nayo, na hata nikilitaja halitawasaidia: mwenyeji mmoja ameniambia kibao chao kimebadilishwa maandishi mara mbili ndani ya mwaka. Bora mjue mwendo wao.

Ilikuwa wiki ya Sabasaba. Tulikuwa watano: mimi, mume wangu, mdogo wangu wa kike, binti yangu wa miaka 13, na shemeji yangu aliyetoka Mwanza. Shemeji ni fundi magari, na mtaona kwa nini namtaja. Tangazo aliliona binti kwenye Instagram. Picha moja kwodi inashuka tuta la mchanga wa rangi ya chungwa. Nyingine imeegeshwa hatua chache kutoka kwa pundamilia. Chini wameandika kwamba wanazungusha watu Tarangire na Ngorongoro kwa kwodi, "karibu na simba".

Hapo ndipo ningeshtuka, lakini nilikuwa naangalia bei. Kwa hiyo nyinyi shtukeni kwa niaba yangu. Hifadhi za Taifa kama Tarangire huingii na pikipiki, iwe ya matairi mawili au manne. Mgeni anaingia kwa gari, na hata gari haliruhusiwi kuacha njia na kukata majani kumfuata mnyama. Ngorongoro nako huwezi kushuka kreta na kwodi. Safari halali za kwodi za upande ule zinapita nje ya hifadhi: kwenye ardhi za vijiji, mashambani, pembezoni mwa maboma ya Wamasai. Pundamilia unaweza kumwona huko pia, maana wanyama hawajui mpaka. Ila anayekuahidi Tarangire kwa kwodi ameshakudanganya kabla hamjasalimiana. Na ule mchanga wa chungwa? Binti aliitafuta picha tuliporudi nyumbani, ikaonekana ni ya Swakopmund, Namibia. Arusha tuna vumbi la kutosha, matuta ya jangwa hatuna.

Bei ilikuwa laki na ishirini kwa kwodi moja, saa mbili. Nusu tutangulize. Namba waliyotupa haikuwa lipa namba ya biashara, ilikuwa namba ya mtu, na jina lililotokea kabla ya kuweka neno la siri lilikuwa la mwanamume tusiyemjua. Nikauliza. "Huyo ni mhasibu wetu, dada." Nikatuma. Mume wangu hajanisema mpaka leo, na hilo ndilo linaloniuma.

Walitupangia saa kumi jioni, eti tuone jua likizama nyuma ya vilima vya Monduli. Tulifurahi. Sasa hivi najua kwa nini wanaipenda saa kumi.

Tulipofika wakatupa fomu, kurasa mbili za Kiingereza cha mawakili, na kijana akawa anasema "sainini hapa na hapa, ni utaratibu tu, jua halitusubiri." Vitambulisho vya NIDA vikakusanywa, "vya usalama". Kofia ngumu zilikuwa zinanuka jasho la wiki nzima, na ya mdogo wangu mkanda wa kidevuni ulikuwa umekatika, umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Binti wakataka kumpandisha nyuma yangu kwenye kwodi ya kiti kimoja. Shemeji akakataa, na hapo alituokoa, maana kwodi huongozi kwa mikono peke yake. Kwenye kona unahamisha mwili wote, na mtu wa pili akikukalia mgongoni huwezi. Likikuangukia dude la kilo mia mbili na zaidi, hadithi inakuwa nyingine. Binti akakaa nyuma ya kiongozi, ambaye yake ilikuwa ya viti viwili, akiwa amenuna.

Mimi nikapewa namba saba. Kumbukeni hiyo namba.

Toka tunaondoka, usukani ulikuwa unavuta kushoto. Nikamwita kiongozi, nikamwambia. "Mama, ndivyo zilivyo hizi, utaizoea." Nikaizoea. Na safari yenyewe sitaisingizia, ilikuwa nzuri. Mlima Meru ulikuwa mweupe wa mawingu kiunoni na kichwa kikiwa wazi. Migunga imesimama moja moja, mbuzi wanatukimbia, watoto wanatupungia fimbo. Tulishuka korongo moja kavu taratibu, tukapanda upande wa pili, mdogo wangu anapiga kelele njia nzima. Kwenye boma tulidaiwa "ada ya kijiji" ambayo haikutajwa mwanzo, elfu kumi kila mtu, tukatoa. Hayo madogo.

Tumerudi karibu saa moja usiku, giza linaingia. Nashuka tu, vijana wawili wenye tochi tayari wamechuchumaa mbele ya namba saba. Si namba tatu, si namba tano. Moja kwa moja namba saba, gurudumu la kushoto, kama watu wanaojua walipoficha kitu.

"Dada, samahani sana. Hii mmeipinda."

Walichokuwa wanaonyesha ni tairodi, kile chuma chembamba kinachotoka kwenye usukani kwenda kwenye gurudumu la mbele. Kweli kilikuwa kimepinda, na gurudumu lilikuwa linaangalia pembeni kama mtu mwenye makengeza. Tukaambiwa spea haipatikani nchini, inaagizwa Dubai, na pamoja na siku ambazo kwodi italala bila kazi, jumla ni laki sita na nusu. Fomu ikaletwa, kidole kikawekwa kwenye mstari: mpandaji atalipia uharibifu wote. Saini yangu hiyo hapo chini.

Shemeji akaomba tochi. Akalala chini kwenye vumbi na suruali yake ya kusafiria, akapitisha kidole pale kwenye kona ya chuma, akanionyesha. Kidole kilikuwa chekundu. "Shemeji, chuma kikipinda leo, rangi inapasuka na ndani kunang'aa. Hapa kuna kutu. Halafu ona, vumbi limeganda na grisi kwenye mkunjo huu, hii ni ya miezi." Akawageukia wale vijana: "Na hii tairodi mnayosema ya Dubai, mimi nainyoosha kwa nondo na jiwe kabla ya chai."

Mmoja akacheka, bahati mbaya, akanyamaza haraka. Yule bosi wao hakucheka. Hakutupandishia sauti hata mara moja, na huo ndio ujuzi wao. Alisema tu, kwa upole, kwamba yeye ni mwajiriwa, kwamba mwenye mali yuko safarini, na kwamba vitambulisho atavitoa kesho asubuhi mwenye mali akirudi. Kesho asubuhi! Basi la shemeji lilikuwa alfajiri. Giza limeshaingia, bodaboda hazipiti, gari lililotuleta ni lao. Tulibishana saa nzima na robo, binti amesinzia kwenye kiti cha plastiki, baridi ya Julai ya Arusha mnaijua. Tukaishia laki tatu. Tukaitumia kwenye namba nyingine, jina lingine, la mwanamke safari hii. Risiti tuliyopewa ni ya kitabu cha stationari, ile ya karatasi nyeupe na kaboni, imeandikwa "matengenezo".

Siku mbili baadaye nilikuwa nasimulia kwa dereva aliyetupeleka stendi. Akanikatiza: "Namba saba?" Sikuwa nimetaja namba. Akasema hiyo ndiyo ng'ombe wao wa maziwa, na kwamba wanampa mtu aliye peke yake kwenye kwodi, asiyejua vyombo, mwanamke akipatikana ni bora zaidi.

Sasa mnaokwenda, na sisemi msiende, maana wapo wanaofanya kazi hii kwa haki, hata upande uleule.

Kitambulisho usimwachie mtu. Akitaka dhamana, mpe nakala au apige picha. Akikataa, ondoka wakati bado mwanga upo na hujapanda chochote. Ukikumbuka jambo moja tu katika haya yote, kumbuka hili, kwa sababu bila vitambulisho vyetu pale kwenye droo tungewaaga tukaenda zetu.

Kabla ya kuwasha, izunguke kwodi na simu inayorekodi video, umetaja saa na tarehe kwa sauti, na yule kijana awe anaonekana. Madigadi, taa, bampa, rimu. Kisha piga magoti upige picha chini ya usukani, pande zote mbili, uone kama vile vyuma viwili vimenyooka sawasawa. Angalia na matairi: ya kwodi yanajazwa upepo mdogo sana, chini ya psi 10, kwa hiyo usishangae yakibonyea, ila moja likiwa laini kuliko mwenzake pia litakuvuta upande. Kiongozi mzuri hatakukataza kupiga. Niliyempata baadaye, maana binti alinililia turudie kabla hatujaondoka, yeye mwenyewe ndiye aliyetushikia tochi. Akatufanyisha mazoezi dakika ishirini kwenye uwanja: gesi ni ya kidole gumba, usiiminye kwa woga, breki hii, na kitufe chekundu cha kuzima hiki hapa. Kofia zilikuwa na mikanda. Fomu yake ilikuwa na ukurasa wa Kiswahili, na bei ya kila kifaa kinachoweza kuvunjika imeandikwa kabisa. Tairodi, niliitafuta makusudi, ilikuwa elfu themanini.

Usukani ukivuta dakika ya kwanza, simama. Usiizoee. Dai nyingine palepale.

Kuhusu karatasi: kampuni ya utalii Tanzania Bara inatakiwa kuwa na leseni ya biashara ya utalii (wengi bado wanaiita TALA) ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Omba uione, na jina lake lilingane na la kibao na la namba ya malipo. Jina la kampuni unaweza pia kulitafuta mtandaoni BRELA, wanaosajili kampuni. Mimi nilifanya hivyo baada ya kuibiwa, kama kawaida yetu, na jina la kwenye tangazo halikuwepo. Lipia kwenye lipa namba, usome jina kabla hujaweka neno la siri, na mwisho dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye alama ya kuskani. Mtu anayekupa ya kaboni kwa laki tatu anajua anachofanya.

Na usikubali saa kumi. Nenda asubuhi. Wakikuzulia jambo saa tano mchana, una mchana mzima wa kubishana, watu wanapita, na unaweza kwenda Kituo cha Polisi cha Utalii na Diplomasia pale Arusha bila kuwaomba gari. Mimi nilikwenda siku ya tatu, na afisa aliyenipokea alinisikiliza vizuri, lakini swali lake la kwanza lilikuwa kama nina picha ya ile kwodi kabla ya safari. Sina. Ninayo moja tu, aliyopiga mdogo wangu ananicheka navyovaa kofia, na kwenye kona ya chini tairi la kushoto linaonekana nusu. Shemeji ameikuza, anasema makengeza yanaonekana wazi. Afisa amesema kesi itakuwa na uzito zaidi tukiwa wengi.

Kwa hiyo ndiyo sababu ya kuandika. Kama umewahi kulipia tairodi ya namba saba, kwodi nyekundu, kiti kimechanika na kuzibwa kwa gundi nyeusi ya karatasi, nje ya Arusha kwenye barabara ya kwenda Dodoma, niandikie kwa faragha na utafute muamala wako wa siku hiyo usiufute. Tangu nianze kuulizia kwenye makundi ya WhatsApp nimepata wawili, mmoja wa Tanga na mmoja wa Nairobi. Na mimi ni wa tatu. Wote tumelipia chuma kilekile.