Siku mbili Krete katika njia aliyopita Charles Upham: tathmini ya ziara ya kuongozwa

Waliowahi kutunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, mara mbili ni watu watatu tu, na kati yao Charles Upham wa New Zealand ndiye pekee aliyekuwa askari wa mapigano, kwa kuwa Arthur Martin-Leake na Noel Chavasse walikuwa madaktari wa jeshi. Hayo nilikuwa nayafahamu kwa miaka mingi. Nilichokwenda kukitafuta katika ziara hii ya siku mbili kisiwani Krete, Ugiriki, ni ardhi yenyewe ambayo Upham, akiwa luteni usu, aliipigania dhidi ya Wajerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, mwezi Mei 1941, kwa sababu maelezo rasmi ya nishani yake yanazikusanya siku tisa za vita katika ukurasa mmoja, na msomaji huzimaliza kabla chai haijapoa.

Safari ilianzia Platanias, kwenye barabara ya pwani ambayo leo imejaa hoteli. Mwongozaji, mwenyeji wa kisiwa, alianza kwa kutueleza habari ya kuchelewa. Kikosi cha 20, ambamo Upham aliongoza platuni (kundi dogo la askari), pamoja na kikosi cha 28 cha Wamaori, viliamriwa kuukomboa uwanja wa ndege wa Maleme usiku wa kuamkia tarehe 22 Mei. Kikosi cha 20 hakikuruhusiwa kuondoka mpaka kipokewe na Waaustralia, nao walichelewa njiani, hivyo shambulio lililopangwa kuanza saa saba usiku likaanza karibu saa tisa na nusu. Mwongozaji alituonyesha saa yake ya mkononi, akatuomba tuhesabu muda wa giza uliokuwa umebaki kabla ya ndege za Wajerumani kuweza kuwaona, kisha akanyamaza mpaka tulipopata jibu wenyewe.

Kutoka hapo tulitembea kuelekea Maleme. Platuni ya Upham ilisonga mbele yadi 3,000, yaani takriban mita 2,700, bila msaada wa silaha nzito, ikipita katikati ya ngome za adui zilizopangwa kwa kina. Maelezo ya nishani yanasema kwamba alitambaa hadi yadi 15 kutoka kwenye bunduki ya rashasha kabla ya kuinyamazisha kwa mabomu ya mkono. Mwongozaji alitoa kamba iliyokatwa kwa urefu huohuo, akampa mwenzangu ncha moja na mimi nyingine. Nilipoinua macho niliweza kuhesabu vifungo vya shati lake. Sijawahi kuielewa tarakimu yoyote ya vita kama nilivyoielewa ile.

Sehemu iliyonigusa zaidi inahusu kurudi nyuma. Kombania yake (kundi la platuni kadhaa) ilipoondoka Maleme, Upham alisaidia kumbeba majeruhi chini ya risasi, halafu akatumwa kuitafuta kombania nyingine iliyokuwa imetengwa, akapenya zaidi ya yadi 600 katika eneo la adui akiwa na koplo mmoja tu, akairudisha salama. Nashukuru kwamba ziara inalipa tukio hili uzito sawa na yale ya kushambulia, kwa maana mara nyingi wasimulizi hulipita mbio.

Kijiji cha Galatas tulifika alasiri. Hapo, tarehe 25 Mei, Upham alikuwa tayari amejeruhiwa begani, ana risasi mguuni na anaumwa tumbo la kuhara damu. Alipofyatuliwa risasi na Wajerumani wawili alijifanya amekufa, akatambaa, na kwa kuwa mkono mmoja tu ndio uliokuwa ukifanya kazi, aliiweka bunduki yake kwenye panda ya mti na kuwapiga wote wawili. Mwongozaji alitusimamisha mbele ya mzeituni wenye panda ya kufikia kifua, akasema wazi kwamba hadai kuwa ndio mti wenyewe. Uaminifu huo ulinifanya niyaamini na mengine aliyotueleza.

Ruweisat, kilima cha Misri ambako Upham alipata nishani ya pili Julai 1942 akiwa kapteni, akavunjwa mkono kwa risasi na kutekwa, ilielezwa kwa ufupi ndani ya basi, nami sina shida na hilo. Katika basi hilohilo tulisikia kwamba Mfalme George VI alipouliza kama kweli Upham anastahili nishani ya pili, Howard Kippenberger, aliyewahi kuwa kamanda wake, alijibu kwamba kwa maoni yake alikuwa ameistahili mara kadhaa.

Malalamiko yangu ni ya siku ya pili, huko Sfakia, pwani ya kusini ya Krete. Tarehe 30 Mei Upham, akiwa amechoka na bado mgonjwa, aliiongoza platuni yake kupanda mlima mkali wa magharibi mwa bonde ili kuwazuia Wajerumani waliokuwa wamekaribia makao makuu ya jeshi, wakati askari wenzake Upham wakisubiri ufukweni meli za kuwaondoa kisiwani. Sisi tulipewa dakika 40 na tukautazama mlima huo kutoka chini. Katika ziara inayojengwa juu ya kupima ardhi kwa miguu, hilo ni pengo kubwa, na ningekubali kwa moyo mmoja kupunguziwa muda wa hotelini ili tupande.

Hata hivyo ningeilipia tena. Anayetaka kwenda avae viatu vya kupandia mlima, aepuke joto la Agosti, na kabla ya kulipa aulize kwa maandishi kama kupanda mlima huo wa Sfakia kumo katika ratiba.