QField kwa kupima na kugawa eneo la mikoko, baada ya misimu miwili kwenye tope

Wenzangu wa vikundi vya pwani, kuanzia Mkinga mpaka Mtwara, najua mnaulizana kila siku mtumie kitu gani kupima eneo la kurudisha mikoko. Mpima anataka hela, mashine ya GPS nayo hela, na mfadhili anataka aone ramani kabla hajatoa hata shilingi. Sisi huku Tanga tumetumia QField misimu miwili sasa, nimeona nieleze vizuri maana imetusaidia kweli na kuna mambo natamani ningeambiwa mapema.

Kwa asiyeijua, QField ni programu ya simu, ya bure kabisa, imetengenezwa na OPENGIS.ch ya Uswisi, na inaenda sambamba na QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, ambayo nayo ni ya bure. Ramani unaiandaa kwenye QGIS, unaihamishia kwenye simu, unaingia mikokoni bila neti bila bando, unatembea kwenye mpaka simu inachora huku unatembea, ukirudi nyumbani unaimwaga kwenye kompyuta. Huko ndani ya mikoko mtandao haushiki kabisa kwaiyo hilo la kufanya kazi bila neti peke yake lingetosha mimi kuisifia.

Ila ngoja nieleze tulikotoka ndo mtaelewa. Kabla ya hapo tulikuwa na ramani tuliyochorewa na wataalam fulani walioletwa na mradi, sitawataja. Walichora ofisini kutoka kwenye picha za setilaiti, zile za Sentinel-2 za bure ambazo kidoti kimoja cha picha ni mita 10 kwa mita 10, wakaona palipo peupe wakapaka kijani wakaandika eneo la kupanda. Tukapanda. Akina mama, vijana, wanafunzi, tope mpaka mapajani, miche ya mkoko tu (mkoko wenyewe, mti mmoja kati ya aina zote za mikoko) kutoka kitaluni, mstari kwa mstari kwenye ile fungu la nje linalotazama bahari. Miezi minne baadae vimebaki vijiti, vingi vimejaa chaza na vingine vimeng'olewa na mawimbi. Roho iliniuma sana kwasababu pale nje hapakuwahi kuwa na mikoko hata enzi za mababu, pana nyasi bahari na samaki wadogo, na wazee walilijua hilo ila hakuna aliyewauliza.

Alafu ramani yenyewe mpaka wake ulikuwa umesogea. Mstari wa kaskazini ulipita katikati ya minazi ya watu, na mwenye minazi akaja juu akidhani tunataka kumnyang'anya shamba, tukagombana nae kwa kosa ambalo sio letu wala sio lake. Nilikuja kuelewa nilipoanza kujifunza QGIS: ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa kusoma mahali unaoitwa Arc 1960, simu na GPS zinasoma mfumo mwingine, WGS 84, ukichukua namba za Arc 1960 ukaziweka kwenye WGS 84 bila kubadilisha, huku kwetu kitu kinahama karibu mita 300 kuelekea kaskazini. Mita 300 jamani! Hiyo ni kutoka kwenye tope mpaka mlangoni kwa mtu. Kwaiyo la kwanza kabisa mkifungua QGIS angalieni pale chini kulia imeandikwa mfumo gani. Kila mfumo una namba yake inayoitwa EPSG, huku kwetu ni EPSG 32737 kwa WGS 84 na 21037 kwa Arc 1960, na mkipewa ramani na mtu yeyote mwambieni awaandikie ni mfumo gani, asipojua msiitumie.

Sasa kilichonifanya niipende QField ni kwamba fomu unaitengeneza mwenyewe. Mimi niliweka orodha ya miti kwa majina yetu, mlilana, mkoko, msinzi, mkandaa, mchu, mkomafi, mtu anabonyeza tu hana haja ya kuandika na vidole vya tope. Nikaweka sehemu ya picha, sehemu ya tope laini au gumu au mchanga, na sehemu niliyoiita "maji yanafika lini": kila siku, bamvua tu (yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), bamvua kubwa tu, hayafiki. Hiyo ya mwisho ndo iliyobadilisha kila kitu, maana mikoko inajipanga kwa maji, mlilana anakaa mbele kabisa, mkoko nyuma yake, msinzi na mkandaa wanafuata, mchu utamkuta juu kwenye chumvi (na mara nyingine mbele pia, mchu ni mvumilivu). Ukijua maji yanafika mara ngapi mahali unajua mti gani wa hapo, na unajua pia pasipofaa mti wowote.

Kuyapima maji hatukuwa na kifaa. Mzee mmoja mvuvi, nilimwendea na shikamoo yangu nikamweleza, akasema mwanangu leta vijiti na chaki. Tukapigilia vijiti kwa mstari kutoka mkondoni mpaka nchi kavu, kila kijiti tumekipaka chaki kuanzia chini mpaka juu, maji yanapopanda yanafuta chaki mpaka yalipofika. Maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili, tukapita kusoma, bamvua tukapita tena (bamvua huku maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3), kila kijiti ni nukta kwenye QField na urefu wa chaki iliyobaki umeandikwa. Jioni ile ya bamvua nilikuwa nimesimama na simu, mzee anatembea mbele yangu anagusa vijiti kimoja kimoja, alipofika cha tisa chaki yote ilikuwa nyeupe vilevile tulivyoipaka wakati vijiti vya chini yake na vya juu yake vimeoshwa. Akasema hapa maji hayalali, yanazungushwa. Tukafukua tukakuta tuta la zamani la shamba la chumvi lililoachwa, limefunikwa na mchanga, linazuia maji kuingia nyuma yake. Kwenye picha ya setilaiti sehemu ile yote ni weupe mmoja tu.

Kwaiyo eneo lile tuliligawa upya. Nyuma ya matuta ya chumvi hatupandi mche hata mmoja, tunakata tuta maji yarudi na mbegu zije zenyewe, na penye tuta la kwanza tulilolifungua machipukizi ya mchu yameshatokea bila mtu kuyapanda. Pembeni ya mikoko iliyokatwa sana tunapaacha tu papumzike kwasababu miti mama ipo karibu. Kupanda tumebakisha kipande kidogo mno ukilinganisha na ile ramani ya mwanzo, pale ambapo hakuna mti mama wa kuangusha mbegu, na tunapanda mti wa hapohapo sio mkoko kila mahali. Fungu la nje na nyasi bahari haliguswi.

Mtu wa misitu wa wilaya nilipomuonyesha alinikumbusha kitu muhimu ambacho na nyie msikisahau, mikoko yote Tanzania Bara ni hifadhi ya msitu ya serikali, iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), na mgawanyo wa kanda upo tangu mpango wa usimamizi wa mwaka 1991: kuna kanda ya kulindwa kabisa, ya kuvuna kwa kibali, ya maeneo yaliyoharibika yanayoachwa yapone, na ya matumizi mengine. Ramani yenu ikae ndani ya huo mgawanyo, na ule upande wa nchi kavu uoane na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, la sivyo mtachora vizuri alafu mtaambiwa hamna mamlaka.

Mapungufu yapo. Simu sio mashine ya mpima, uwanjani inakupa mita 3 mpaka 5, ukiingia chini ya mkoko mnene inapanda 10 na zaidi. QField inakuonyesha hiyo namba kwenye skrini, na ukikaa nukta moja inaweza kuchukua vipimo vingi ikafanya wastani, hiyo itumieni. Kwa kugawa kanda inatosha, kwa kuweka bikoni za mpaka wa kisheria hapana, pale mwiteni mpima. QGIS kwenye kompyuta nayo sio ya siku moja, mimi ilinichukua wiki kadhaa za usiku mpaka mkono ukazoea. Chaji inaisha haraka GPS ikiwa wazi muda wote, nendeni na pawabanki. Simu ivalisheni kava la plastiki la kuning'iniza shingoni, na kila mkirudi hamisheni data siku hiyohiyo, msilale nayo kwenye simu moja.

Ramani tuliichapa kubwa pale mjini tukaibandika ofisi ya kijiji kabla ya mkutano mkuu. Watu wakaja na vidole vyao. Akina mama wanaookota kombe wakaniambia kipande cha kupanda nimekichora juu ya njia yao ya kushukia, kumbe tulipopima ilikuwa maji yamejaa njia haionekani. Kesho yake maji yalipotoka tukaipita pamoja nao na simu mkononi, wao mbele, nikakata kipande vipande viwili na njia ikabaki katikati, tukachapa tena.

Kutoka kwangu nyota 5. Kikundi kikiwa na simu moja ya Android, mtu mmoja asiyeogopa kompyuta na mzee mmoja anayeyajua maji, mnaweza kuanza bamvua inayokuja.