Kinanda cha kukodi kisicho na C-shapu

Nimekaa na hasira hii tangu Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na leo naitoa. Mwenye vinanda simtaji. Habari za ukubwa wa spika na idadi ya milio someni kwenye boksi. Mimi nina habari ya vibao viwili tu vya kubonyeza.

Kinanda cha parokia kilikuwa kwa fundi, nasi tulikuwa na Misa ya marehemu jioni. Kwaya ilikuwa imejifunza Lacrimosa ya Mozart kwa miezi, watu wakitoka kazini wamechoka, wanarudia ukurasa uleule mpaka taa zinazimwa. Ni sehemu ya Requiem, muziki wake wa Misa ya marehemu, aliyoiacha bila kuimaliza alipofariki Vienna tarehe 5 Desemba 1791. Za Lacrimosa aliandika baa nane tu za mwanzo. Zilizofuata alizimalizia Süssmayr, mwanafunzi wake. Basi nikakodi kinanda, nikaacha amana na kitambulisho. Kililetwa kwa wakati, kisafi, na stendi yake.

Nikaanza kujaribu. Hata kabla ya mahali pa kwaya kuingia, kidole kikatua kwenye C-shapu ya katikati, kile kibao cheusi kinachofuata C. Kimya. Nilisikia plastiki tu ikigonga, tak. Nikajaribu C-shapu ya juu yake: tak. Vibao vingine vyote vinalia.

Nikampigia. "Kaka, C-shapu mbili hazilii." Akanijibu, "Dada, vibao sitini na moja, viwili vimegoma, unanipigia kelele? Watu wa harusi wamekaa nacho wiki nzima hawajalalamika. Piga C kama wenzako." Akakata simu.

Piga C! Lacrimosa iko katika D maina, ufunguo wa huzuni. Kwenye karatasi zetu za sol-fa, zile za doh-re-mi, imeandikwa doh ni F, kwa hiyo wimbo unakaa kwenye la, na kinachoukalisha hapo ni "se", ambayo kwenye kinanda ndiyo hiyo C-shapu. Iko nusu toni, yaani kibao kimoja tu, chini ya D, na sikio likishaisikia halitulii mpaka D ifike. Ukiiondoa, wimbo unateleza kwenda F meja, ufunguo wa furaha, na kilio chote kinaisha nguvu. Mozart aliirudia D maina kwenye mambo mazito: koncheto ya piano namba 20 ya mwaka 1785, mwanzo wa opera ya Don Giovanni mwaka 1787, kisha Requiem. Hata vyombo vinaupenda ufunguo huo. Violini ina nyuzi za D na A zinazolia wazi bila kubanwa, na timpani za Requiem, zile ngoma kubwa, zimekazwa zilie D na A. Mtu hawezi kuniambia eti niuhamishe tu kama meza.

Lakini nikahamisha vidole. Ningefanyaje? Watu walikuwa wameshaanza kuingia kanisani. Nikabonyeza kitufe cha kupandisha, nusu toni tano, nikapiga vidole vya A maina ili itoke D maina. Sasa "se" ilikuwa inaangukia G-shapu, na G-shapu ilikuwa nzima. Na niseme haki: sauti ya ogani ya kinanda kile ni nzuri mno. Zile pumzi fupi za mwanzo, noti mbili mbili kama mtu anayekwikwi, zilitoka laini, na soprano walipopanda pale kwenye "qua resurget", hatua kwa hatua kama ngazi, nilisahau kila kitu. Kama mngeniuliza dakika ile, ningesema kakodini kwake.

Kisha tukafika Amina. Lacrimosa haimalizikii kwenye maina. Kordi ya mwisho ni D meja, F inapanda kuwa F-shapu, na baada ya machozi yote yale mtu anapewa mwanga mara moja tu, pale mwisho. Nilikuwa nimepandisha nusu toni tano. Kibao cha F-shapu sasa ni kipi? C-shapu. Kilekile. Nilijua wakati mkono tayari unashuka. Tak. Kinanda kikatoa D na A, katikati tupu, na kwaya ikaibeba "de", yaani hiyo F-shapu kwa sol-fa, peke yake, bila mtu wa kuishikilia.

Waliibeba, Mungu awabariki. Mwalimu wetu alinifariji baadaye: Requiem nzima inaishia kwenye D na A tupu, kwa hiyo hatukuharibu. Ni kweli, kordi ya mwisho kabisa iko hivyo. Ila pale imeandikwa hivyo, na kwenye Amina ya Lacrimosa imeandikwa meja. Mle kanisani walikuwamo watu waliozika mwaka uleule. Ule mwanga ulikuwa wao.

Hata hivyo, siku narudisha nilikuwa nimepoa. Nilitaka kumwambia tu abadilishe raba za chini ya vibao, kazi ya mchana mmoja kwa fundi. Akapiga kordi ya C meja, akatikisa kichwa akaridhika, kisha akagusa C-shapu na kuniambia, "Hizi zimekufia mikononi mwako, dada." Akakata amana yote.

Ndiyo maana hasira imerudi, na ile sifa ya ogani naifuta. Mkienda kukodi, kwake au kwingine, bonyezeni kila kibao cheusi mbele ya mwenyewe huku mwenzenu anarekodi kwa simu, ndipo mtoe pesa. Kitambulisho alinirudishia. Amana bado naidai.